Mipira ya Vichakani

Mmoja wa wanunuzi wa mwanzo wa mipira ya gofu iliyotumika hakuwa na nia ya kuicheza. Aliinunua aichome moto.

Jina lake Allan Robertson, fundi wa mipira na mchezaji aliyehesabiwa kuwa bora kuliko wote wa zama zake, mkazi wa St Andrews, mji wa bahari mashariki mwa Uskoti. Mwishoni mwa miaka ya 1840 inasemekana ilijulikana mjini kwamba ukijipenyeza kwenye vichaka vya miiba pembeni mwa uwanja ukatoka na mpira wa ile aina mpya, Robertson angekulipa. Kisha mpira ungeingia motoni. Wapenzi wa gofu waliendelea kukisimulia kisa hicho miaka mingi baada ya yeye kufa, tena kwa kicheko, maana kilikuwa kisa cha mtu aliyejaribu kuzuia mvua kwa ungo.

Hasira yake ilikuwa na sababu. Kiswahili kina neno moja, mpira, kwa kinachochezwa na kwa utomvu unaogandishwa, kana kwamba viwili hivyo vilizaliwa siku moja. Katika gofu havikuzaliwa pamoja. Mpira ambao Robertson aliutengeneza, na ambao ukoo wake uliutengeneza kabla yake, haukuwa na tone la utomvu ndani yake. Ulikuwa wa ngozi na manyoya. Fundi alikata vipande vya ngozi ya ng'ombe, akavilowesha, akavishona, akaacha kitundu kidogo, kisha akaugeuza mfuko ule ili mshono uingie ndani. Kupitia kitundu hicho alishindilia manyoya ya bata bukini yaliyochemshwa, kwa chuma alichokisukuma kwa kifua chake. Manyoya ya kujaza kofia moja ndefu ya kiungwana yaliishia ndani ya kifuko kinachoenea kiganjani. Ngozi ilipokauka ilinywea, manyoya yakatanuka, na mpira ukawa mgumu kama jiwe.

Fundi hodari alitoa mipira mitatu au minne kwa siku. Karakana ya Robertson ilikuwa jikoni mwake, na mwaka 1844 yeye na wasaidizi wake walitengeneza mipira 2,456. Kila mmoja uliuzwa kwa shilingi kadhaa za Kiingereza, na mara nyingine mpira mmoja ulimgharimu mnunuzi zaidi kuliko fimbo ya kuupigia. Isitoshe, haukudumu. Mvua ilipoingia kwenye mshono, nyuzi zilioza na mpira ukafumuka kama mto wa kulalia. Mchezaji mwenye uwezo alitoka nyumbani na mipira kadhaa mfukoni kwa mchezo wa siku moja. Asiye na uwezo alibeba fimbo za mwenye uwezo.

Hapo ndipo ulipoingia utomvu wa Asia. Gutapacha hutoka kwenye miti ya misitu ya Malaya na visiwa jirani. Ukiutia kwenye maji ya moto hulainika kama unga uliokandwa, na ukipoa hukakamaa. Wafanyabiashara wa Uingereza waliutumia kwa mambo mengi, makubwa kuliko yote yakiwa kuvalisha nyaya za telegrafu za chini ya bahari, ukiwemo ule uliofika Unguja mwaka 1879. Sifa ya kuuingiza kwenye gofu, mwaka 1848, kwa kawaida hupewa Robert Adams Paterson wa St Andrews. Masimulizi yanadai kwamba aliupata ukiwa umefungiwa sanamu ya Kihindu iliyoletwa kwao kutoka ng'ambo.

Mpira wa gutapacha ulikuwa rahisi kwa bei, lakini kilichomtisha fundi wa manyoya ni kwamba ulikuwa haufi. Ukichakaa, ukipasuka, ukipoteza umbo, mwenyewe aliutia kwenye maji ya moto, akauviringisha tena kwa viganja au kuubana kwenye kalibu, ukatoka kama mpya. Mafundi wakaanza kuchukua mipira mibovu ya wateja na kuisubu upya kwa malipo madogo, na mipira iliyosubiwa upya ikawa na bei yake dukani, chini ya ile mipya. Kwa hiyo biashara ya mipira iliyokarabatiwa haikuzaliwa baada ya mchezo kuenea. Ilikuja ndani ya sanduku moja na utomvu wenyewe.

Ugomvi ukaingia hadi jikoni kwa Robertson. Msaidizi wake mkuu alikuwa Tom Morris, kijana aliyejifunza kazi mikononi mwake. Inasimuliwa kwamba wasaidizi wake waliahidi kutougusa mpira mpya. Siku moja Morris aliishiwa na mipira ya manyoya katikati ya mchezo, mwenzake akampa wa gutapacha, akaupiga. Habari zikamfikia bwana wake kabla ya jua kuzama. Wakagombana, Morris akafungua kazi yake mwenyewe, na mwaka 1851 akahamia Prestwick, upande wa magharibi wa Uskoti, kutunza uwanja mpya. Uwanja huohuo ndio uliofanyiwa mashindano ya kwanza ya Open, yaani ya wazi ya Uingereza, mwaka 1860. Robertson hakuyaona, alifariki mwaka uliotangulia, akiwa ameshasalimu amri na kutengeneza mipira ya gutapacha yeye mwenyewe.

Mpira mpya ulikuwa na ila moja, na waliougundua ulemavu huo ndio walioigundua dawa yake. Ulipotoka kwenye kalibu ukiwa laini kama yai ulipaa kidogo, ukayumba, ukatumbukia chini kabla ya wakati. Lakini makedi, yaani wabeba fimbo, na wachezaji waliokuwa wakitumia mipira iliyokwisha kupigwa mara nyingi, iliyojaa mikwaruzo na majeraha ya chuma, waliona kwamba hiyo ndiyo iliyokwenda mbali na kunyooka. Mpira mkuukuu uliushinda mpya. Mafundi hawakubishana na macho yao: wakaanza kuichonga mipira mipya kwa nyundo kabla ya kuiuza, wakiipiga alama kotekote ili ifanane na iliyochezwa. Baadaye alama zikatiwa ndani ya kalibu zenyewe. Mwaka 1905 mhandisi Mwingereza, William Taylor, aliomba hataza ya mpira wenye vibonyeo vya duara, na vibonyeo hivyo, kwa kawaida zaidi ya 300, vingali kwenye kila mpira wa gofu unaouzwa leo. Wanafizikia walieleza sababu baadaye: uso wenye vibonyeo huifanya hewa iushikilie mpira kwa muda mrefu zaidi upande wa nyuma, na mkokoto wa hewa hupungua. Kwa maneno mengine, uso wa kila mpira mpya ni nakala ya uso wa mpira wa zamani.

Gutapacha ilikuwa na vituko vyake pia. Siku za baridi kali mpira uliweza kupasuka vipande angani, na kanuni za zama hizo zilimruhusu mchezaji kuweka mpira mwingine pale kilipoangukia kipande kikubwa zaidi. Vipande vyenyewe havikutupwa. Viliokotwa, vikarudi kwenye maji ya moto.

Enzi hiyo ilikoma kwa mkono wa Mmarekani. Mwaka 1898 Coburn Haskell, akiwa katika kiwanda cha B.F. Goodrich huko Akron, Ohio, alipata wazo la kuviringisha uzi wa raba uliovutwa sana kuzunguka kiini, kisha kuuvika ganda la nje. Mpira huo uliruka mbali kuliko gutapacha, na mwaka 1902 Sandy Herd alipoutumia kushinda Open huko Hoylake, ubishi ukaisha. Ila mpira wa Haskell ulikuwa ghali, na haukuweza kuyeyushwa na kufinyangwa tena nyumbani. Aliyetaka kucheza bila fedha alibakiwa na njia moja tu: kutafuta iliyopotea.

Mtoto mmoja aliyeifuata njia hiyo alibadilisha historia ya gofu ya Marekani. Francis Ouimet alizaliwa mwaka 1893, na nyumba yao huko Brookline, karibu na Boston, ilitazamana na shimo la 17 la The Country Club, mojawapo ya vilabu vya matajiri. Baba yake alikuwa mfanyakazi wa mikono. Francis alikatiza uwanjani akienda na kurudi shule, macho yakiwa chini kwenye nyasi, na kila mpira aliouona aliutia mfukoni. Kabla hajawa na fimbo hata moja alikuwa na akiba ya mipira ambayo mtu mzima angeionea wivu. Fimbo nayo ilipatikana kwa mipira hiyohiyo: kaka yake alipeleka sehemu ya akiba dukani mjini Boston, akabadilishana. Wakachimba mashimo machache kwenye uwanja wa nyuma ya nyumba, wakaanza kucheza.

Mwezi Septemba 1913 mashindano ya wazi ya Marekani yalifanyika ng'ambo ya barabara ya nyumba yao. Ouimet, kijana wa miaka 20 ambaye si mchezaji wa kulipwa, akiwa na kedi wa miaka 10 aitwaye Eddie Lowery, alifungana kwa alama na magwiji wawili wa Uingereza, Harry Vardon na Ted Ray. Kesho yake walicheza duru ya kuamua mshindi na akawashinda wote wawili. Magazeti yaliandika kuhusu kijana wa mtaani aliyewabwaga Waingereza, na mchezo uliohesabiwa kuwa wa mabwana ukaanza kuwavuta watu wa kipato cha kawaida.

Vita vya Pili vya Dunia viliwafanya hata mabwana wawe waokotaji. Baada ya shambulio la Pearl Harbor, Desemba 1941, Wajapani waliteka Malaya na visiwa vya Indonesia, yaani mashamba yaliyoilisha Marekani karibu raba yake yote. Raba iliyobaki ilihitajika kwa magurudumu ya malori na ndege. Mwaka 1942 serikali ya Marekani ilisimamisha utengenezaji wa mipira mipya ya gofu, na mashindano ya wazi ya nchi hayakufanyika tena hadi 1946. Vilabu vikawaomba wanachama wapekue makabati na mifuko ya zamani. Mabwawa yakakaushwa ili kilichozama kipatikane. Viwanda vilivyokuwa vikishindana kutangaza mpira mpya kila mwaka sasa vikatangaza ukarabati: lete mpira wako uliokatwa, tutauvua ganda, tutauvisha jingine. Kwa miaka hiyo michache hapakuwa na aibu ya mpira wa mtumba, kwa kuwa karibu kila mpira uwanjani ulikuwa mtumba.

Uhaba mkali kuliko wote ulikuwa nyuma ya seng'enge. Katika kambi ya wafungwa wa kivita ya Stalag Luft III, huko Sagan iliyokuwa chini ya Wajerumani, marubani wa Uingereza na washirika wao walichimba njia za kutorokea chini ya ardhi. Juu ya ardhi walijitengenezea uwanja mdogo wa gofu katikati ya mabanda. Mmoja wao, Pat Ward-Thomas, baadaye alikuja kuwa mwandishi mashuhuri wa gofu. Mipira yao ya kwanza ilikuwa kijiti kilichoviringishwa nyuzi na kitambaa. Ufundi ulipokua, walikata viatu vya raba kuwa nyuzi nyembamba, wakaziviringisha kwa kuzivuta sana kama alivyofanya Haskell, halafu wakashona ganda la ngozi ya viatu vikuukuu kwa sindano, kama alivyofanya Robertson. Karne nzima ya ufundi ilipita kwa mara ya pili ndani ya banda moja la wafungwa.

Amani iliporudi, swali lililokuwa likilala vichakani tangu zamani za Robertson likafika mahakamani: mpira uliopotea ni wa nani? Aliyeupiga amekata tamaa na kuondoka. Kilabu hakijui hata kama upo. Mwaka 1948, katika kesi iliyotokana na mtu aliyeingia uwanjani bila ruhusa na kuokota mipira minane, Mahakama Kuu ya Uingereza ilisema mwenye mpira ni kilabu. Kwa kuwa wanachama walikusudia kuwazuia waokotaji wasiingie, walihesabika kuwa wanaimiliki hata mipira wasiyoijua idadi wala mahali ilipo. Aliyeokota alikuwa mwizi.

Uamuzi huo ulionekana wa kale hadi mwaka 2002, wazamiaji wawili walipofikishwa mahakamani kwa kutoa mipira zaidi ya 1,000 usiku kwenye ziwa la kilabu kimoja huko Leicestershire. Mmoja wao, aliyekuwa akijipatia riziki kwa kazi hiyo, alihukumiwa kifungo cha miezi sita. Umma ulipigwa na butwaa: jela kwa mipira ambayo wenyewe waliitelekeza majini? Mahakama ya Rufaa ilimtoa gerezani na kumpa adhabu nyepesi, lakini hatia ya wizi haikufutwa. Mabwawa yalikuwa na mwenyewe.

Mabwawa hayo wakati huo yalikuwa yameshakuwa migodi. Viwanja vipya vya Marekani, hasa Florida, vilichorwa vikiwa na maji kila upande, kwa mandhari na kwa kumtia mchezaji hofu. Mfano unaojulikana zaidi ni shimo la 17 la TPC Sawgrass, lililofunguliwa mwaka 1980, ambalo jukwaa lake la nyasi limezungukwa na maji karibu kabisa. Inakadiriwa kwamba mipira zaidi ya 100,000 huzama hapo kila mwaka. Kampuni hulipa vilabu kwa haki ya kuvuna, kisha huwatuma wazamiaji, ambao nao hulipwa senti kadhaa kwa kila mpira.

Kazi yenyewe haina uzuri wa filamu za chini ya bahari. Maji ya mabwawa hayo ni meusi kwa tope na dawa za nyasi. Mzamiaji haoni hata mkono wake. Hutambaa chini akipapasa kwa vidole, akitia kwenye wavu kila kilicho cha mviringo. Vigae na vyuma humkata. Nyoka wapo, kasa wakali wapo, na huko Florida mamba wa Kimarekani wapo pia, na wamewahi kuwashambulia wazamiaji. Nchi kavu mipira huoshwa na kuchambuliwa kwa mikono, na mfanyabiashara wa mitumba wa soko la Gikomba jijini Nairobi angeielewa meza hiyo bila mkalimani. Ile inayong'aa kama haijaguswa ndiyo kamera, gredi ya juu; hutiwa kwenye masanduku na kuuzwa kwa bei ya juu. Inayofuata ina mkwaruzo mdogo, au herufi za jina zilizoandikwa kwa kalamu ya wino na mwenyewe wa kwanza. Fagia, gredi ya chini kabisa, huishia kwenye viwanja vya mazoezi, ambako kila mpira hupigwa mara elfu bila mtu kuuliza ulitoka wapi.

Soko hilo lilipanda zaidi baada ya Oktoba 2000, Titleist ilipotoa Pro V1, mpira wenye kiini kigumu na ganda laini la poliuretani ambao wachezaji wa kulipwa waliukimbilia ndani ya wiki chache. Dazeni moja mpya leo inazidi dola 50. Mchezaji wa Jumapili anayepoteza mipira mitano kwa duru hupiga hesabu haraka: mpira uleule uliotolewa majini, gredi ya juu, hupatikana kwa karibu nusu ya bei. Watengenezaji hujibu kwamba maji huingia taratibu ndani ya mpira na kuupunguzia umbali. Wauzaji hujibu kwamba mchezaji huyo hatautambua upungufu huo. Kila upande una ukweli wake, na kila upande una bidhaa ya kuuza.

Mapambano yao makubwa yalihusu rangi. Kampuni ya Florida, Nitro Leisure Products, iliuza mipira ya namna mbili. Ya kwanza ilioshwa tu na kupangwa kwa gredi. Ya pili ilivuliwa rangi yake yote, ikapakwa upya, ikatiwa vanishi, kisha jina la Titleist likachapwa juu yake kwa mara ya pili, pamoja na maelezo kwamba mpira umetumika na kukarabatiwa na mtu mwingine. Acushnet, wenye Titleist, hawakuwa na neno kubwa juu ya ile ya kwanza. Ya pili waliipeleka mahakamani: mpira uliovuliwa ngozi na kuvishwa nyingine, walisema, si wetu tena, na majaribio yao yalionyesha hauruki kama wetu. Mwaka 2003 mahakama ya rufaa ya shirikisho ilikataa kuizuia Nitro, kwa majaji wawili dhidi ya mmoja. Ilirejea uamuzi wa mwaka 1947 kuhusu plagi za injini za Champion zilizotumika na kukarabatiwa: mnunuzi wa kitu kilichotumika hategemei kipya, na mradi ameambiwa wazi, jina la mtengenezaji linaweza kubaki.

Jaji aliyepinga aliona jambo ambalo Robertson angelikubali mara moja: kwamba fundi anawajibika kwa mpira wenye jina lake, hata ukipita mikononi mwa wengine.

Robertson naye alichapa jina lake. Kwenye ngozi ya kila mpira alipiga mhuri wa neno moja, ALLAN, na karibu nalo namba ya uzito. Mipira michache ya namna hiyo imenusurika na mara kwa mara hufika mnadani Uingereza. Mingi ilichezwa: rangi nyeupe imebanduka, mshono umeachia, alama za fimbo zinaonekana kwenye ngozi. Wanunuzi huikagua kwa glavu, huihesabia kasoro kama wachambuzi wa Florida, na hulipa maelfu ya pauni kwa mmoja.